Steere na Mji wa Njiani

Likizo ya mwaka wa pili nilirudi Lupaso na mchoro umeviringishwa kwapani. Basi lilitoka Dar alfajiri, likavuka Rufiji juu ya daraja lenye jina la Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso aliyezaliwa mwaka 1938 na kulala humo humo kijijini mwaka 2020. Likapita Lindi, Nyangao, Ndanda, na njia nzima nilikuwa naulinda ule mchoro usikunjwe na mabegi ya abiria. Muhula ule studio ilitutaka tupange makazi ya mahali tunapopafahamu. Mimi nikachagua nyumbani. Nikachora barabara zilizonyooka, viwanja vya ukubwa mmoja, soko katikati, shule upande mmoja, eneo la wazi upande wa pili. Alama zilikuwa nzuri. Wanachuo wenzangu, mnajua raha ya kupata alama nzuri halafu ukaenda kumwonyesha bibi yako.

Bibi alikaa barazani, akautandaza ule mchoro juu ya mkeka, akauzuia pembe kwa mawe. Aliutazama muda mrefu. Halafu akaniuliza mambo matatu: maji yako wapi, dada yake amewekwa wapi, na kabla ya kuchora nilimwuliza nani. Sikuwa na jibu hata la moja. Maji nilikuwa nimeyaweka kama alama ya buluu mahali palipobaki nafasi. Dada yake, ambaye wanaombana chumvi na moto tangu wangali wasichana, nilikuwa nimemtupa ng'ambo ya soko. Na sikumwuliza mtu.

Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba mchoro wa namna ile alishawahi kuuona ukitembea. Alikuwa mwanamke kijana wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya kati ya mwaka 1973 na 1976, watu walipohamishwa na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Shule ilikuja, na zahanati ilikuja, hilo hakulikana. Lakini mikorosho ilibaki kule kule ilikopandwa, na mtu aliyekuwa akiamka na kupalilia nyuma ya nyumba yake akawa anatembea nusu siku kuifuata. Baadaye nilitafuta takwimu maktaba. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Ubwiriunga ulichangia, bei ilichangia, lakini na kuwatenga watu na miti yao kulichangia. Bibi hakuhitaji takwimu hizo. Yeye aliziona miguuni mwake.

Hapo ndipo nilipoanza kumsoma mtu mmoja ambaye, miaka 100 hivi kabla ya operesheni ile, alitembea katika nchi hii hii na mpango mkononi, akaulizwa swali kama la bibi yangu, na akaubadilisha mpango. Mtu huyo ni Edward Steere. Wengi wetu tumepita mbele ya kazi zake bila kujua. Aliyepiga picha katika kanisa la Mkunazini pale Unguja amesimama ndani ya jengo lake. Na anayesoma Kiswahili hiki ninachoandika anasoma lugha ambayo yeye ni mmoja wa watu wa mwanzo kuipangia sarufi ya kitabuni.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akafika hadi udaktari wa sheria kabla hajatimiza miaka 23, akawa wakili. Kwa lugha yetu ya vimbweta, huyu alikuwa kipanga. Angeweza kukaa mjini akala matunda ya elimu yake. Badala yake aliacha mahakama, akapewa upadri, akaenda kutumikia parokia za mashambani huko Lincolnshire, kwa watu wa pwani na wakulima. Wanaomsimulia wanamweleza kuwa mtu wa mikono: hakuona haya kushika zana za useremala wala kupanga herufi za chapa.

Mwaka 1863 alifuatana na Askofu William Tozer kuja Afrika. Misheni yao, ile iliyoitwa ya Vyuo Vikuu, ilikuwa tayari imepata pigo. Kituo cha kwanza kiliwekwa mwaka 1861 huko Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi, na kiliwekwa kwa moto wa shauku kuliko kwa hesabu. Mahali penyewe palizungukwa na vita vya kukamata watumwa, njaa ikaingia, homa ikaingia, na askofu wa kwanza, Mackenzie, akafa mwaka 1862. Tozer na Steere walijaribu tena juu ya mlima Morambala, karibu na mto Shire, wakaona nako hakukaliki. Mwaka 1864 wakarudi nyuma hadi Unguja.

Kule kwao Uingereza wapo waliowacheka kwa kukimbilia kisiwani. Mimi nikisoma leo, kwa macho ya mtu anayesomea mipango, naona kwamba hilo ndilo darasa la kwanza alilolipata Steere: makazi yanaweza kuwa na nia njema kabisa na bado yakaua watu, kama aliyeyapanga hakujua maji, chakula na majirani wa mahali pale.

Alipofika Unguja hakuanza kwa kujenga. Alianza kwa kusikiliza. Hakukuwa na kitabu cha maana cha kumfundisha lugha ya mji ule, basi akakaa na wenyeji, akakaa na vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, akauliza, akaandika, akafuta, akauliza tena. Wakati huo huo akawafundisha vijana wale kupiga chapa, na wao wakawa wanachapa walichokuwa wakimfundisha. Mwaka 1870 kikatoka kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja, na mwaka huo huo kikatoka kitabu cha hadithi za Waswahili alizozikusanya kama zilivyosimuliwa na wenyewe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, njia ilikuwa imeshafyekwa zamani, na panga moja lililofyeka lilikuwa lake. Nasema moja, kwa sababu wale waliokaa naye na kumsahihisha walikuwa wengi na majina yao mengi hayakupata jalada.

Aliondoka kwenda kwao, akarudi Unguja mwaka 1872. Aprili ya mwaka ule kimbunga kilikuwa kimekipiga kisiwa, nyumba zimeanguka, minazi na mikarafuu imelala. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa. Misheni ikapata ile ardhi, sehemu kwa kununua na sehemu kwa zawadi ya mfanyabiashara Mhindi, na siku ya Krismasi mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Hapa ndipo wanafunzi wa uhandisi na usanifu wanisogelee. Steere alisimamia ujenzi ule mwenyewe kwa miaka. Nilikwenda kuuona mwaka jana, tulipofanya ziara ya darasa. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yale yale yaliyojenga Mji Mkongwe wote, yaliyochimbwa kisiwani. Kinachoshangaza ni paa. Hakuagiza mbao ndefu kutoka Ulaya ziliwe na mchwa. Alitumia matumbawe yaliyopondwapondwa na kuchanganywa na saruji, akapata zege, na zege lile akalimimina juu ya kanisa likapinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Wapo waliosema litaanguka siku mbao za kulishikilia zitakapotolewa. Mwisho wa mwaka 1879 kanisa lilikuwa limeezekwa na linatumika. Paa lile liko pale mpaka leo.

Kuna na kichekesho chake. Karibu na lango, kwenye sehemu ya ubatizo, kuna nguzo ambazo zimesimama kichwa chini miguu juu. Watembeza wageni wa Mkunazini husimulia kwamba mafundi walizisimamisha askofu akiwa safarini, na hakuna aliyewaeleza upande upi ni wa juu. Aliporudi akaziacha. Wageni hucheka, na mimi nilicheka. Lakini nilipotoka nje nikafikiri: mtu aliyeandika kitabu cha lugha ili asikilizane na watu, na bado siku aliyokosekana maneno yakakosekana, nguzo zikapinduka. Sisi tunaokabidhi mchoro kwa fundi kisha tukarudi chuoni kungojea bumu, tusimcheke sana.

Ukitoka Mkunazini ukitembea kuelekea baharini, unafika Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, karibu rika moja na kanisa. Siku ya Krismasi mwaka 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka na kuua watu. Kanisa nalo lilikuwa limechoka, likafanyiwa ukarabati mkubwa miaka michache kabla. Siwalinganishi ili nimsifu mmoja. Ninachosema ni kwamba jengo la kudumu ni lile ambalo wanaolikalia wanaweza kulitengeneza, na kweli wanalitengeneza. Nyenzo ikiwa ya karibu na ufundi ukiwa wa karibu, ukarabati nao unakuwa wa karibu.

Sasa tuvuke bahari kuja bara, maana hadithi yangu ni ya huku kwetu.

Askofu Tozer alipojiuzulu kwa maradhi, Steere aliwekwa kuwa askofu, Agosti 1874, kule Westminster. Akarudi akiwa na swali zito. Watu waliokuwa wakinyang'anywa kwenye majahazi walikuwa wanaletwa misheni kwa makundi. Wakae wapi? Misheni ilikuwa na shamba Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, lililonunuliwa mwaka 1871. Pale kila familia ilipata kibanda na kipande cha kulima. Lakini Mbweni ilikuwa ndogo, na wengi wa wale watu hawakuwa wa kisiwani. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu waliotembezwa minyororoni kutoka bara hadi Kilwa na kwingineko. Steere akawaza: kwa nini wasirudi kwao?

Mwaka 1875 alikwenda mwenyewe kuikagua njia. Alishuka Lindi, akatembea kwa miguu hadi Mwembe, mji wa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, mashariki ya Ziwa Nyasa. Njiani aliyaona majivu ya biashara ya watumwa, vijiji vilivyobaki mahame. Miaka ile misafara ya misheni iliongozwa na watu wenye kuijua nchi, na maarufu kati yao alikuwa Chuma, Myao, yule yule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone kutoka bara hadi pwani. Majina kama hilo tuyataje, kwa sababu vitabu vingi huandika kwamba askofu alifungua njia, kama vile njia haikuwa na wenyewe.

Oktoba 1876 msafara ukaondoka Unguja. Walikuwa wanaume na wanawake zaidi ya 50 waliokuwa watumwa, pamoja na wapagazi, askofu na wamisionari wachache, mmoja wao kijana William Percival Johnson. Mpango ulikuwa unaeleweka: kufika karibu na Ziwa Nyasa, nchi walikotoka, na kuanza mji huko. Mchoro, kwa lugha yetu, ulikuwa umeshapita.

Walifika Masasi.

Aliyepafika Masasi anajua. Unatoka kwenye nchi tambarare ya miombo, ghafla mawe makubwa yanasimama mbele yako kama ndovu waliolala, Mtandi na wenzake. Chini ya miamba ile maji hupatikana, na udongo hushika mahindi, mtama na muhogo. Wale watu wakatazama. Wengine walitambua kwamba wamekaribia kwao, wakasikia lugha zao zikisemwa na wenyeji wa hapo. Wakajua pia kwamba mbele kuna vita, na kwamba mtu aliyewahi kuuzwa mara moja anaweza kuuzwa tena. Wakasema hawaendi mbele. Hapa panatosha.

Mpangaji mwingine angesema mkataba ni Nyasa, twendeni. Steere alikuwa mwanasheria, maneno yalikuwa kazi yake. Lakini alikubali. Wakazungumza na wakubwa wa pale, wakapata ardhi, wakaanza kukata miti, kujenga kwa fito na udongo, kuezeka kwa nyasi, kufungua mashamba kabla mvua hazijakolea. Askofu akakaa nao muda mfupi tu, akamwacha Johnson, akarudi Unguja. Mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples kuongoza. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mji wa misheni wa Masasi: mji wa njiani, uliowekwa mahali ambapo watu wake walichoka kutembezwa na wengine wakaamua wenyewe pa kusimama.

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi. Watu hawa walikuwa wamehamishwa mara mbili bila kuulizwa, kwanza na wafanyabiashara, kisha na manowari iliyowaokoa. Hata safari ya kuwarudisha kwao ilipangwa na mwingine. Masasi ilikuwa mara ya kwanza kauli yao kuwa na uzito juu ya wapi wataamka kesho.

Lakini nisiwadanganye, ndugu wasomaji. Hadithi haikuishia kwenye mavuno.

Kwanza, kukubali mahali si kujitawala. Misheni ilikuwa na kanuni zake, na wamisionari walijikuta wakiamua kesi za watu kama machifu wakati hakuna aliyewapa uchifu. Swali la nani mwenye mamlaka pale, mzungu au wakubwa wa Kimakua na Kiyao, liliwasumbua kwa miaka. Miaka michache baadaye Wajerumani walikuja kulijibu kwa bunduki. Mtu anayeniambia kwamba misheni na ukoloni vilipishana mlangoni, sitabishana naye.

Pili, usalama. Masasi ilikuwa na maji, udongo, na njia ya kwenda Lindi. Haikuwa na ngome. Watu wengi mahali pamoja, wenye chakula na nguo, kwenye nchi ya wazi, walionekana kwa mbali. Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, waliivamia. Waliua, walichoma, walichukua mateka. Wamisionari walihangaika kuwafuata na kuwakomboa, wengine wakarudi, wengine hawakurudi. Maples na sehemu ya watu wakahamia Newala, karibu na Matola, mkubwa wa huko, juu ya uwanda wa Makonde.

Mtu wa Newala atakuambia kwa nini huko juu ni salama. Uwanda umeinuka, kingo zake ni genge, na vichaka vyake vya zamani vilimficha mtu ukapita hatua kumi usimwone. Wamakonde walikaa juu kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mtu wa Newala huyo huyo atakuambia na bei yake: maji. Mvua ikinyesha uwandani inazama mchangani, inatokea chini kabisa bondeni. Vizazi na vizazi vya wanawake wameshuka genge na vyungu, baadaye na ndoo, wakapanda na maji kichwani. Mabomba na pampu vilikuja katika karne ya ishirini, na hadi leo kupandisha maji uwandani ni kazi ngumu na ya gharama.

Basi hilo ndilo somo lenyewe. Masasi ina maji, haina kinga. Newala ina kinga, haina maji. Hakuna mtaalamu, wa misheni wala wa chuo, anayeweza kuketi mezani na kusema kipi kati ya hivyo viwili ni bora. Anayeweza kusema ni yule atakayebeba ndoo au atakayekimbia usiku. Kazi ya mpangaji ni kumweka wazi kila mmoja gharama ya chaguo lake, kisha kumsikiliza.

Steere hakuujua uvamizi ule. Alikuwa amekwenda Uingereza, akarudi Unguja Agosti 1882 akiwa amechoka, na tarehe 27 ya mwezi huo akafariki. Masasi ikachomwa wiki chache baadaye. Alikuwa na miaka 54. Walimzika nyuma ya altare ya Mkunazini, chini ya paa lile lililosemwa litaanguka. Sijui, nikisimama pale, nimhurumie kwa kutoyaona au nimwonee wivu kwa kutoyaona. Miaka iliyofuata misheni ilirudi Masasi, mji ukakua, na leo mtu akishuka stendi akasikia Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera kwa pamoja, anasikia sauti ya mahali ambapo watu wengi walipata kusimama.

Turudi barazani.

Nyumba ya bibi ni ya miti na udongo, na masika yaliyopita ukuta wa upande wa jua kuchwa uliteremka. Kwetu mwenye kauli juu ya nyumba kama ile ni mjomba, na mjomba alishaamua: malipo ya korosho yakitoka, nyumba ivunjwe, ijengwe ya tofali za kuchoma. Nilipofika mwaka wa pili, nikiwa na mchoro wangu, nilikuwa upande wake. Tofali, bati, mstari mmoja na barabara. Tena nilikuwa nimeshampa kiwanja, kile cha ng'ambo ya soko.

Likizo iliyofuata nilirudi bila mchoro. Nilimwomba bibi tutembee. Alinionyesha kisima cha zamani na kile kinachokauka mwezi wa tisa. Alinionyesha njia ambayo watoto hupita kwenda shule wakikwepa korongo, na ni njia iliyopinda, ambayo mimi nilikuwa nimeinyoosha ikaingia korongoni. Alinionyesha makaburi. Alinionyesha mwembe ambapo wanawake hukutana kubangua korosho na kuzungumza, mahali ambapo kwenye mchoro niliandika eneo la maegesho. Kumbe Lupaso ilikuwa na mpango wake siku zote. Haukuwa umeandikwa tu.

Kuhusu tofali, nilikaa na mjomba kwa heshima, maana mjomba hafundishwi. Nilimwuliza tu tanuri moja la tofali linakula magogo mangapi, na mara ya mwisho kuni zilipatikana umbali gani. Yeye mwenyewe akaanza kuhesabu. Ndipo nikamweleza matofali ya kufungamana, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza: udongo wa pale pale, saruji kidogo, mashine ya kushindilia kwa mkono, hayachomwi, na yanashikana bila plasta nyingi. Si dawa ya kila ugonjwa. Udongo lazima upimwe, na mafundi lazima wafunzwe, la sivyo tutasimamisha nguzo zetu kichwa chini. Msingi uwe wa mawe, nasi mawe tunayo. Mjomba hakukubali wala hakukataa. Amesema tutajaribu kwanza kwenye jiko, tuone masika mawili.

Bibi naye ametoa masharti yake. Baraza ibaki, na ibaki ikitazama kwa dada yake. Hilo halijadiliwi.

Mchoro nimeuchora upya. Barabara moja imepinda, viwanja havilingani, na aliyesahihisha safari hii ameandika pembeni kwamba mpangilio hauna nidhamu. Alama zimepungua. Nimekubali. Nakala nimeibandika ukutani kwa bibi kwa gundi ya ugali, na watu wakipita huingia kuitazama, wakatafuta nyumba zao, wakabishana. Juzi kwenye simu bibi kaniambia kuna mzee mmoja amechukua mkaa akasogeza kisima mahali kinapostahili. Nikija likizo nikisahihishe.